Mtoto wa Maua

Mimi natengeneza meno. Si kung'oa wala kuziba, hiyo ni kazi ya daktari aliye mbele, mwenye koti jeupe na viti vya kusubiria. Mimi niko nyuma, kwenye chumba chenye dirisha moja, na wagonjwa wengi hawajui hata kama nipo. Daktari ananiletea alama ya mdomo wa mtu, mimi namimina plasta, napanga meno kwenye nta, nafunga na kufungua taya mpaka yaumane sawasawa. Miaka ishirini na minane sasa. Sura za watu nazisahau kabla hawajafika getini, lakini jino nililolishika mara moja nitalijua hata nikikutana nalo kwenye foleni ya benki.

Nasema haya ili ieleweke kwamba mimi si mtu wa ndoto. Ukiota kazini kwangu, mtu anashindwa kutafuna.

Chumba chenyewe kinanuka nta iliyoyeyuka na ile dawa kali ya plastiki inayowasha macho. Miezi ya baridi dirisha hukaa limefungwa. Lakini ukuta wa jirani umetandwa na yasmini, na kila mwaka baridi ikiisha na mvua ya kwanza ikipita, kuna asubuhi moja nafungua dirisha na harufu ya maua yale inaingia bila hodi. Hapo kazi inasimama. Kisu cha nta kiko mkononi, na mimi nina miaka mitano.

Naona sakafu nyekundu iliyosuguliwa mpaka inateleza. Naona dirisha lenye fremu ya kijani, na cherehani. Baba amekaa kwenye kiti kifupi, amevua viatu, soksi moja ina tundu kwenye kidole gumba, na anacheka. Hilo la kucheka ndilo linalonishangaza kila mara, kwa sababu nyumbani baba hakuwa mtu wa kucheka. Kuna mwanamke pia, nusunusu, naona mikono yake tu ikisukuma kitambaa chini ya sindano. Maua meupe yanaingia dirishani mpaka ndani, unaweza kuyachuma ukiwa umekaa kitandani. Tumefika pale mimi nikiwa mabegani kwa baba. Mimi na yeye tu.

Sikuwahi kujua ni wapi. Utotoni niliamini ni nyumba yetu ya zamani, na ukubwani sikuona haja ya kuuliza. Ilikuwa kumbukumbu yangu pekee ambamo baba ananipenda, na kitu cha namna hiyo mtu hakipeleki kwa fundi kikakaguliwe.

Mwaka huu harufu iliingia siku ya Jumanne, baba akiwa wiki ya tatu kitandani. Kiharusi kilikuwa kimechukua upande wake wa kushoto na karibu maneno yote. Daktari wa moyo alituambia bila kuzungukazunguka: moyo umechoka, kaeni naye. Tulielewa maana yake.

Zamu yangu ya kukaa naye ilikuwa alasiri. Nilipotoka kazini siku hiyo nilivunja kitawi cha yasmini nikakichomeka kwenye tundu la kifungo cha koti, sijui kwa nini, labda nilitaka tu kuchelewa kukua. Nilipoinama kumwekea baba mto vizuri, niliona pua yake inacheza. Akafumbua macho. Midomo ikahangaika muda mrefu, maana meno yake ya bandia tulikuwa tumeyatoa asije akayameza, halafu akasema, polepole lakini wazi:

"Mtoto. Wa maua. Aje."

Nikashika ukingo wa kitanda. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili na sikuwahi kusikia baba akiniita. Dada yangu alipomfurahisha aliitwa "mama". Mimi niliitwa "wewe". Hakunipiga, hakunitukana, alikuwa tu ananipita, na tangu nianze shule sikumbuki hata siku moja aliyonishika mkono. Hata miaka sita iliyopita nilipomtengenezea meno, nilimpangia safu nzuri iliyonyooka, akaitema kiganjani. "Haya si yangu," alisema. Alitaka jino lake la pili la juu, upande wa kulia, lipande juu ya jirani yake vilevile lilivyokuwa tangu ujana. Nililichonga upya mara tatu. Mara ya tatu alijitazama kwenye kioo akasema, "Yanafaa." Nilirudi nyumbani na neno hilo moja nikashiba nalo mwezi mzima.

Na sasa huyu hapa ananiita mtoto wa maua.

"Nimekuja, baba," nikamwambia. "Niko hapa."

Aliniangalia. Aliniangalia kwa makini, akanimaliza kuanzia juu mpaka chini, halafu akageuzia uso ukutani.

Nikachukua daftari. Dada alikuwa ameweka sheria kwamba kila neno la baba liandikwe pamoja na saa, daktari apate kuona kama maneno yanarudi. Mpaka siku hiyo yalikuwa maji, hapana, dirisha, maji, maji. Nikaandika: saa kumi na nusu, mtoto wa maua, aje.

Dada yangu mkubwa tunamwita Spika tangu utotoni, kwa sababu hakuna anayesema neno katika ukoo huu bila yeye kumpa nafasi, na yeye mwenyewe hamalizi muda wake. Aliingia na kikapu cha dawa, akasoma daftari akiwa amesimama.

"Mtoto wa maua ndiye nani?"

"Mimi."

"Wewe na maua wapi na wapi?"

Nikamwambia. Kwa mara ya kwanza maishani nilimweleza mtu mwingine kuhusu sakafu, dirisha, cherehani, mabega ya baba. Nilipomaliza alikuwa ananitazama kwa huruma, na huruma ya Spika inauma kuliko ukali wake.

"Mdogo wangu, nyumba hii haijawahi kuingiza ua hata la plastiki. Umesahau mama alivyokuwa? Mgeni akija amejipaka manukato, mama siku mbili yuko kitandani na pumu. Mimi siku ya harusi yangu nilishika kitambaa cha mkononi."

"Si nyumba hii. Ile ya zamani, yenye sakafu nyekundu."

"Ile ya zamani ilikuwa ya saruji tupu. Nilikuwa naifagia mimi, wewe unaichafua. Hiyo nyekundu umeiota."

"Mtu haoti soksi yenye tundu."

"Wewe unaota. Uliwahi kuota tuna mbuzi, ukalia wiki nzima kwamba tumemuuza."

Hilo la mbuzi ni kweli, na lilinimaliza nguvu. Mpaka leo nikifumba macho namwona mbuzi yule, ana doa jeusi kwenye sikio. Sasa kama mbuzi hakuwepo, ni kipi kilikuwepo?

Kesho yake nilimletea baba tawi zima, nikaliweka kwenye glasi ya maji karibu na kichwa. Alivuta pumzi, na machozi yakamtoka, yakaingia masikioni. Alikuwa hajalia hata siku ya kumzika mama. "Mtoto wa maua," akasema tena. "Aje." Nami nimesimama mbele yake, nimemshika bega. Alikuwa anaangalia mlango.

Kama si mimi, mbona harufu ile inamfanya vile inavyonifanya mimi? Na kama ni mimi, mbona ananitazama kama mtu anayemziba? Nilisogea kando ili aone mlango vizuri. Aliendelea kuangalia mpaka usingizi ukamchukua, na hakuna aliyeingia.

Alhamisi alikuja shangazi. Ni dada yake baba wa kumfuata, miwani yake inaning'inia shingoni kwa uzi, na hana simile. Alimsalimia kaka yake, akamfuta mdomo, akatukuta mezani na daftari. Akavaa miwani akasoma.

"Nani kaandika hivi?"

"Mimi, shangazi."

"Umekosea herufi."

"Herufi gani?"

"Hiyo ya maua. Weka kubwa." Akavua miwani. "Maua ni mtu."

Spika alinyamaza. Naliandika hilo kwa sababu halikuwahi kutokea kabla.

Shangazi alieleza bila kupamba. Alikuwepo mwanamke mmoja akitarizi maua kwenye mashuka na foronya, na kwa kazi hiyo watu wote walimwita Maua, jina lake halisi hata yeye shangazi halijui. Alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya maghala ya mbao. Chumba cha sakafu nyekundu, akasema, na Spika akanigeukia. Nilikuwa nimeshinda ubishi na sikusikia raha yoyote.

"Alikuwa na mtoto," shangazi akaendelea. "Wa kiume. Wa kaka yangu."

Nikauliza swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza. "Mtoto huyo ni mimi?"

"Nimesema wa kiume. Masikio yako umeyaacha wapi?"

"Sasa mimi nilikuwa nafanya nini pale?"

Shangazi alinitazama, na kwa mara ya kwanza akapunguza sauti. "Wewe ulikuwa ruhusa yake. Mwanamume akitoka peke yake kila Jumamosi mchana ataulizwa. Akitoka na mtoto mabegani, anampeleka akanyooshe miguu, ataulizwa na nani? Mama yako alikuwa akimsifu kwa majirani."

Nilijaribu kuwa na hasira, nikaikuta haijafika bado. Kitu pekee nilichofikiria ni mabega yale, na jinsi nilivyokuwa nimemshika baba kichwani kwa mikono yote miwili nisianguke.

"Na iliishaje?" akauliza Spika.

"Huyu hapa aliimaliza." Shangazi alininyooshea kidole, lakini si kwa ubaya. "Jumamosi moja alirudi na maua mfukoni mwa gauni. Mama yenu anakusanya nguo za kufua, anageuza mfuko, anavuta ile harufu. Pumu ilimbana mpaka akalazwa siku tisa. Alipopata sauti akamwita mtoto, akamuuliza maua haya umeyatoa wapi, na mtoto wa miaka mitano akasema yote. Sakafu, cherehani, soksi. Kaka akala kiapo pembeni ya kitanda cha hospitali kwamba hatakanyaga tena kule, na hakukanyaga. Hukumbuki?"

Sikukumbuka. Naapa, hakuna hata kipande. Nilikumbuka mbuzi ambaye hakuwepo, na siku iliyogeuza maisha yangu yote sikuikumbuka.

Basi hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kunipita miaka arobaini na saba. Kila akiniangalia alimwona nani, mtoto wake au mtu aliyetoboa siri yake? Nilitamani kumuuliza, na aliyekuwa na jibu alikuwa na maneno matano yaliyobaki, na yote alikuwa ameyaweka kwa mwingine.

"Haji mtu hapa," Spika akasema, amerudi kwenye kiti chake. "Mama hata miaka minne hajamaliza kaburini. Nyumba hii ni yake."

"Na huyo kitandani ni wa nani?" akauliza shangazi. Kisha akasema alichokuwa nacho: Maua alifariki zamani, kijana wake alijifunza kupaka rangi magari, na kama bado yu hai atakuwa kwenye gereji za kulekule kwenye maghala. Alisema hivyo akiniangalia mimi.

Ijumaa nilikwenda kazini. Nataka niseme ukweli: nilikwenda kazini makusudi. Nilipanga meno ya watu wawili, nikasafisha mezani, nikapanga droo ambayo haikuhitaji kupangwa. Baba alikuwa anasubiri na mimi niliyekuwa na uwezo wa kumaliza kusubiri kwake nilikuwa napanga droo. Nilifunga dirisha. Nilijiambia ni kwa heshima ya mama, lakini mama hakuwa na habari. Nilikuwa namwonea wivu mtu nisiyemjua, mtu mzima mwenye umri wangu, kwa sababu ya neno moja. Alasiri nilipofika, neno lenyewe lilikuwa limeanza kukatika. "Aje," alisema tu. Mara ya pili nikasikia "aa". Nikamtazama Spika, naye akaangalia pembeni.

Jumamosi asubuhi nilipiga moyo konde nikaenda.

Maghala ya mbao bado yapo, ila mbele yake sasa kuna gereji, moja baada ya nyingine, na ardhi yote imekuwa na rangi, nyekundu hapa, fedha pale. Nilikuta watu watatu wamevaa barakoa wanapulizia milango ya gari. Nikauliza kwa sauti, maana mashine ilikuwa inanguruma, "Nani hapa ni mtoto wa Maua?"

Mmoja akazima bomba lake. Alikuwa mfupi, mvi zimechanganyika na vumbi la bluu. "Ni marehemu mama yangu," akasema kupitia barakoa. "Wewe ulimjuaje?"

Akaivua barakoa, na sikuhitaji kuulizana naye zaidi. Jino la pili la juu, upande wa kulia, lilikuwa limepanda juu ya jirani yake. Nililijua pembe zake zote. Nilikuwa nimelichonga mara tatu.

"Mimi ni mtoto wa..." nikaanza, na sikujua nimalizie vipi. "Baba ni mgonjwa. Anakuita."

Hakuonyesha kushtuka. Alifuta mikono taratibu kwa kitambaa na mafuta ya kuondolea rangi, kidole baada ya kidole. Nilikuwa nimebeba kitawi cha yasmini, nikampa, sijui nilitegemea nini, labda kwamba harufu itamfungukia kama ilivyonifungukia mimi na atanieleza nilichokiona ni nini. Alikipeleka puani, akakirudisha.

"Sisikii kitu, dada. Rangi imenimaliza pua, mwaka wa kumi huu." Kisha akaniangalia vizuri. "Lakini wewe nakukumbuka. Ulikuwa na gauni la mifuko miwili. Mama alikuwa anatupa mkate tugawane, wewe unaung'ata kwanza, halafu unanipa upande ulioung'ata."

Nilipigwa na butwaa. "Ulikuwepo mle ndani?"

"Nitakuwa wapi? Ndiko nilikozaliwa."

Nilifumba macho palepale, kwenye kelele za mashine, nikaingia tena chumbani. Sakafu ipo. Dirisha, cherehani, soksi, mikono ya mwanamke. Mtoto hayupo. Nilitafuta chini ya kitanda, nikatafuta nyuma ya mlango. Nilikuwa na kila kitu cha chumba kile mpaka tundu la soksi, na mtoto mzima nilikuwa nimemtoa humo kwa mikono yangu mwenyewe ili baba abaki wa peke yangu.

"Mimi sikukumbuki," nikamwambia. "Nisamehe. Hata kidogo."

"Si kitu. Ulikuwa mgeni wetu, wageni hawakumbuki." Akatabasamu kidogo. "Mbele yako niliambiwa nimwite mjomba. Ukitoka nje kucheza, ruhusa, namwita baba. Nilikuwa naomba uende nje."

"Mbona hukuwahi kuja?"

"Sikuitwa." Alikuwa anakunja kitambaa. "Halafu mimi ndiye niliyeharibu. Jumamosi ya mwisho ulichuma maua ya mama, ukajaza mifuko. Nikakasirika, nikakuuma. Hapa." Akagusa mkono wake chini ya kiwiko. "Ulilia sana. Jumamosi iliyofuata nilikaa mlangoni, na nyingine, na nyingine. Hamkuja tena. Mama alikuwa ananiambia si kwa sababu hiyo, lakini mtoto anaambiwa mengi. Mimi nilijua nilichofanya."

Alilisema kwa sauti ya mtu aliyeshazoea uzito wa mzigo wake. Miaka arobaini na saba. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu, limekamilika, maneno yasiyozidi kumi, na lilinikwama. Nikasema tu, "Twende, muda si wetu."

Spika ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa amejiandaa, nilimwona kifua kimejaa hotuba. Yule bwana akasema, "Shikamoo, dada," na kwa kusema hivyo akaonyesha jino. Spika alimtazama mdomoni muda mrefu kupita adabu. Hotuba ikaenda ilikoenda.

"Vua viatu," akamwambia, akampisha.

Baba alikuwa macho. Alimwona akiingia, na hakusema lile neno, halikuwa na kazi tena. Uso wake wote ulikunjuka. Bwana yule alikaa kwenye kiti cha upande wa kulia wa kitanda, na baba akamkamata mkono, akaung'ang'ania. Mimi nikaenda upande wa pili, wa kushoto, nikasimama huko.

Walikaa hivyo. Halafu yeye akakohoa, akainama.

"Baba," alisema, na nikaona alivyolijaribu neno lenyewe kwanza, kama anaangalia nani yuko karibu. "Sina la kukusumbua. Nina swali moja tu. Ni kwa sababu nilimuuma huyu?"

Baba hakuelewa. Aliangalia huku na huku, paji likajikunja, akaanza kuhema. Yule akarudia swali, taratibu, mwanamume mwenye mvi akiuliza swali la mtoto wa miaka minne. Sikuweza kuvumilia.

"Si wewe," nikasema. "Sikilizeni wote. Ni mimi. Nilirudi na maua mfukoni, mama akaugua, akaniuliza, nikasema kila kitu. Wewe uliniuma mkono tu. Ni mimi niliyekufungia mlango. Na nilikuwa najua tangu juzi, nimeshindwa kukwambia njiani."

Nilisikia Spika amejiegemeza kwenye mlango. Ndugu yangu alibaki kanitazama, mdomo wazi. Nilikuwa nangoja anirushie chochote anachotaka.

"Hapana," akasema baba.

Tukamgeukia. Alikuwa ananiangalia mimi. Midomo ilikuwa inahangaika, inafunga na kufungua, haipati mahali pa kushika, na mimi ninayejua taya za watu nilijua ni kazi kiasi gani. Tulingoja. Hakuna aliyemtilia neno mdomoni. Mwishowe aliinua mkono wake mzima, ukiwa bado umeshika mkono wa mwanawe, akajipiga nao kifuani.

"Mimi," akasema. Akajipiga tena, mikono yote miwili, wake na wa mwanawe. "Mimi."

Akachoka, akafumba macho, machozi yakawa yanapita. Spika alikuwa analia bila kusema chochote. Mimi niliinama nikachukua mkono uliokuwa upande wangu, ule ulioshikwa na kiharusi. Ulikuwa wa moto kidogo, na haukurudisha kitu. Niliushika hivyohivyo.

Ndugu yangu aliniona. Alifuta uso kwa bega, akasogea kwenye kiti mpaka akabaki ukingoni.

"Njoo upande huu, dada," akasema. "Huko hasikii."

Nikazunguka kitanda. Aliniachia nusu ya kiti na nusu ya mkono, vidole vyake viwili na vyangu viwili, na baba akavikamata vyote bila kufumbua macho kuangalia ni vya nani.